Mwaka Uliohamahama

Mwaka wa 1990 familia yetu ya Nambale ilipeleka watu wawili chuo kikuu kwa siku moja. Mmoja alikuwa mjomba, mdogo wake mama, aliyetoka Kidato cha Sita. Wa pili alikuwa binamu yangu, mtoto wa baba mkubwa, aliyetoka Kidato cha Nne. Walipanda basi moja, masanduku yao ya chuma yakafungwa kamba moja juu ya keria, na kukhu akawaombea sala moja wote wawili ili asimchelewesha dereva. Mimi nilikuwa darasa la tatu. Ninachokumbuka zaidi ni vumbi, na kwamba tulichinjiwa kuku wawili, jambo ambalo halikuwa la kawaida.

Walienda pamoja lakini hawakurudi pamoja. Ukiondoa ile miezi ambayo chuo kilifungwa kwa sababu ya migomo, mjomba alisoma miaka mitatu akapata shahada yake. Binamu alisoma shahada hiyohiyo, katika kumbi zilezile, kwa walimu walewale, miaka minne. Kukhu alilichukua jambo hilo kwa uzito.

"Huyu wetu alianguka?" alimuuliza baba.

"Hakuanguka, mama. Yeye ni wa 8-4-4."

"Na hiyo 8-4-4 ndiyo ilimwangusha?"

Tulicheka kwa miaka mingi. Lakini nilipokuja kusoma historia na kuirudia hadithi hii nikiwa mtu mzima, niliona kukhu alikuwa ameuliza swali ambalo watu wenye digrii hawakuwa wakiliuliza. Ule mwaka mmoja ulitoka wapi? Mjomba aliusomea wapi?

Jibu fupi ni kwamba aliusomea shuleni. Kidato cha Tano na cha Sita, au A-level kama ilivyozoeleka kuitwa, kilikuwa kwa sehemu kazi ya chuo kikuu iliyofanywa na watoto wenye sare na viranja. Siku hizi tunasikia habari za wanafunzi wa Marekani wanaoanza kujilimbikizia masomo ya chuo wakiwa bado sekondari, tunadhani ni jambo la ajabu la huko mbali. Sisi tulikuwa nalo. Tulilihamisha mara mbili, na mara ya pili sisi wa mpakani tulilifuata ng'ambo.

Tuanze na Makerere, kwa sababu habari ya elimu ya juu upande wetu huanzia kule. Ilifunguliwa mwaka wa 1922 kama shule ya ufundi, na mwaka wa 1949 ikawa chuo kikuu kishiriki kilichofungamana na Chuo Kikuu cha London. Digrii zilikuwa za London, na London ilikuwa na masharti yake kuhusu kiwango cha mtu wa kuanza digrii. Tatizo lilikuwa kwamba shule za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliishia kwenye cheti cha Cambridge cha Kidato cha Nne. Hapakuwa na darasa la juu ya hapo. Basi Makerere yenyewe ikalazimika kuwafundisha vijana masomo ya matayarisho kwa miaka miwili kabla hawajaianza digrii yenyewe. Mwai Kibaki, aliyekuja kuwa rais wa tatu wa Kenya, aliingia Makerere mwaka wa 1951 akitoka Mang'u, akamaliza 1955. Ule muda mrefu haukuwa uzembe. Sehemu yake ilikuwa kazi ambayo Mwingereza wa rika lake aliifanyia shuleni kwao.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 kazi hiyo ikateremshwa. Shule chache kubwa zikaruhusiwa kufungua Kidato cha Tano na cha Sita, na wanafunzi wakaanza kufanya mtihani wa Cambridge wa ngazi ya juu. Strathmore ya Nairobi ilifunguliwa mwaka wa 1961 hasa kwa ajili hiyo: haikuwa sekondari ya kawaida wala chuo kikuu, ilikuwa mahali pa kufundishia miaka ile miwili ya katikati, na ilichukua vijana wa rangi zote wakati ambapo shule nyingine zilikuwa bado zinatenganisha. Vyuo vikuu navyo vikapunguza mzigo. Mtu akija na A-level, anaanza digrii moja kwa moja, miaka mitatu, basi.

Huo ndio uhamisho wa kwanza. Nausisitiza kwa sababu tumezoea kuisimulia A-level kama kichujio tu, mlango mwembamba wa kuwatoa wengi na kuwaingiza wachache. Ilikuwa kichujio, kweli kabisa, nitarudi hapo. Lakini ilikuwa pia kipande cha chuo kikuu kilichopelekwa karibu na nyumbani. Aliyesoma Fizikia, Kemia na Hesabu huko Kakamega au Yala au Kamusinga alikuwa anafanya sehemu ya kazi ambayo kaka yake aliifanyia Kampala.

Mtihani huo ulikuwa wa Afrika Mashariki nzima. Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki liliundwa mwaka wa 1967, likaanza kuuchukua mzigo kutoka Cambridge. Kwa miaka michache kijana wa Nambale na kijana wa Tororo walisubiri matokeo ya baraza moja, na karatasi waliyoipata ilikuwa na maana moja Nairobi, Kampala na Dar es Salaam. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki nacho, kilichoanza 1963, kiliwachukua wote hadi kilipogawanywa mwaka wa 1970. Tanzania ikajitoa kwenye baraza la mitihani 1971 na kuanzisha lake mwaka wa 1973. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka wa 1977. Kenya ikaunda baraza lake 1980, Uganda 1983. Mitihani mitatu, mihuri mitatu. Hata hivyo umbo lilibaki moja: miaka saba ya msingi, minne ya sekondari, miwili ya juu, mitatu ya chuo. 7-4-2-3. Ukijumlisha unapata 16.

Hapa niseme kidogo kuhusu mpaka wenyewe, kwa sababu msomaji wa Nairobi au Mombasa huuona kama ukuta. Hadi mwaka wa 1902 Nambale yote ilikuwa Uganda. Ilihesabiwa katika Mkoa wa Mashariki wa Uganda, na Waingereza wakauhamishia upande wa pili kwa sababu zao za reli na utawala. Wasamia wako pande zote mbili, Waiteso vilevile. Sisi Wakhayo tuna wakwe huko. Busia ni mji mmoja wenye jina moja uliokatwa kwa geti. Hata neno boda boda, ambalo sasa linatumika Afrika Mashariki nzima, lilizaliwa hapa, kwa vijana wa baiskeli waliovusha watu na mizigo kutoka boda hadi boda. Kwetu kuvuka si safari. Ni kama kwenda kuomba moto kwa jirani.

Na moto huo ulitoka upande uliokuwa nao. Wakati wa Idi Amin, kati ya 1971 na 1979, Waganda ndio waliokuja kwetu. Walimu wengi wa Uganda walipata kazi katika sekondari za Kenya, na mama hadi leo humsifu mwalimu wake wa hesabu, Mganda aliyekuwa akivaa tai hata siku za jua kali. Walikuwa wametoka katika shule zilizokuwa na sifa. Wengine walikuja na watoto wao ili wafanye mtihani wa Kenya. Hakuna aliyefikiri kwamba miaka kumi na kitu baadaye njia itageuka.

Iligeuka kwa ripoti. Mwaka wa 1981 tume iliyoongozwa na Mkanada Colin Mackay ilitumwa na Rais Moi kuangalia kama Kenya inahitaji chuo kikuu cha pili. Ilisema ndiyo, na Chuo Kikuu cha Moi kikaanzishwa 1984. Lakini ilisema pia kwamba mfumo wote ubadilishwe uwe 8-4-4. Januari 1985 ukaanza. Mtoto aliyekuwa darasa la saba mwaka wa 1984 hakwenda Kidato cha Kwanza. Alipanda darasa la nane, mwaka ule sekondari zikakosa kabisa wanafunzi wapya wa Kidato cha Kwanza. Mtihani wa kwanza wa KCSE na mtihani wa mwisho wa A-level vilifanywa mwaka mmoja, 1989. Ndiyo maana mjomba na binamu walipanda basi moja.

Watu wakizungumza kuhusu 8-4-4 huzungumza kuhusu useremala, ushonaji, masomo mengi kupita kiasi, wazazi kuambiwa wajenge karakana kwa michango. Hayo ni kweli. Mimi nataka tuangalie hesabu tu. Nane na nne na nne ni 16. Jumla haikubadilika hata kidogo! Miaka miwili ya A-level haikufutwa. Iligawanywa kama urithi wa ng'ombe. Mmoja ulishushwa shule ya msingi ukawa darasa la nane. Mwingine ulirudishwa chuo kikuu ukawa mwaka wa nne. Huo wa pili ndio mwaka wa kukhu. Ulikuwa umetoka Makerere kuja shuleni, sasa ukarudishwa chuoni, na kwa kuwa ulirudi kimyakimya, bila sherehe, wengi waliulipia bila kujua ni ule ule.

Sisemi uamuzi ule ulikuwa wa kipumbavu. Shule zenye Kidato cha Tano zilikuwa chache, nyingi zikiwa za wavulana, nyingi mbali na kwetu. Mtoto wa Nambale aliyefaulu vizuri Kidato cha Nne angeweza kabisa kukosa kiti na safari ikaishia pale. Mjomba mwenyewe husema kwamba katika darasa lake la Kidato cha Nne walioendelea walihesabika kwa vidole. Kuondoa mlango ule kuliwaingiza watu kama binamu. Ila mlango ulipoondolewa, na chumba kilichokuwa nyuma yake kiliondolewa pia, na gharama ya chumba hicho ikahamia mahali ambapo mwaka mmoja ni ghali zaidi kwa mzazi kuliko shuleni.

Uganda haikubadilisha. Tanzania pia haikubadilisha. Hadi leo wana Kidato cha Tano na cha Sita, na digrii nyingi za kawaida ni miaka mitatu.

Sasa niingie mimi. Nilifanya KCSE mwaka wa 1999 nikapata C kavu. Ili uhesabiwe kuwa umehitimu kwenda chuo kikuu ulihitaji angalau C+, na hata mwenye C+ hakuwa na uhakika wowote, kwa sababu nafasi za serikali ziliishia juu zaidi, kwenye B na kupanda. Njia ya kulipa mwenyewe, ile tuliyoiita parallel, Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa kimeifungua 1998, lakini C yangu haikutosha hata huko. Baba alikaa kimya siku mbili. Siku ya tatu akaniambia nivae viatu.

Tulipanda matatu hadi Busia, tukapata pasi ya muda pale getini, tukavuka. Hatukuwa peke yetu. Miaka ile, matokeo yakishatoka, ungewaona wazazi Wakenya na watoto wao wenye bahasha za khaki wakiuliza njia ya kwenda Tororo, Mbale, Jinja. Shilingi yetu moja ilipata shilingi 20 na zaidi za Uganda, kwa hiyo karo ya bweni kule ilikuwa nafuu kuliko ya shule nyingi za huku. Cheti chako cha KCSE kililinganishwa na cha kwao, ukapewa barua, ukaingia Senior Five. Mimi nilichukua HEG: Historia, Uchumi na Jiografia, pamoja na ile karatasi ya maarifa ya jumla ambayo kila mtu aliifanya.

Shule yenyewe ilikuwa nyuma ya Tororo, ukiliona lile jabali kila asubuhi likiwa limekaa kama mzee aliyekataa kuhama. Ugali wao waliuita posho, na ulikuja na maharagwe siku saba kwa wiki. Kilukhayo changu kilielewana na Kisamia cha wenzangu, hilo lilinisaidia. Kiswahili changu hakikunisaidia, kwa sababu kwa wengi wao Kiswahili kilikuwa lugha ya askari, na ukiongea kwa sauti mtu aligeuka kuangalia mlangoni.

Lakini masomo! Nilikuwa nimezoea kukariri masomo manane kwa pamoja, kila moja kidogokidogo. Hapa nilikuwa na matatu tu, na kila moja lilikuwa na kina kama kisima. Katika historia tulisoma Ulaya kuanzia 1789, tukasoma harakati za uhuru wa Afrika, na mtihani haukuuliza "taja sababu tano." Uliuliza swali moja refu na kukupa muda wa kubishana nalo. Mara ya kwanza niliandika orodha. Mwalimu akanirudishia karatasi bila alama, akasema, "Wewe Mkenya, hapa hatutaji. Hapa tunaeleza kwa nini." Ilinichukua muhula mzima kuelewa tofauti, na sidhani kama nimewahi kujifunza kitu kikubwa kuliko hicho darasani.

Wakati huohuo, rafiki yangu wa Nambale aliyepata B+ alikuwa nyumbani. Serikali ilikuwa imemwita, lakini vyuo vilikuwa vimejaa kiasi kwamba waliofaulu walisubiri zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kuingia. Aliuza mitumba, akafundisha shule ya msingi bila cheti, akasubiri.

Matokeo yangu ya mtihani wa 2001 yalikuwa mazuri: nilifaulu masomo yote matatu kwa kiwango kikuu, kile tulichokiita prinsipo. Mbili zilitosha kuingia chuo kikuu Uganda. Ningebaki kule ningesoma miaka mitatu. Lakini baba alitaka digrii ya Kenya, kwa hofu kwamba waajiri wa huku wangeikataa ya kule, na ukweli ni kwamba na mimi nilikuwa nimechoka na posho. Nikaomba nafasi ya kujilipia katika chuo kimoja cha huku, ambacho sitakitaja. Nikakubaliwa. Siku ya kujisajili nikamwonyesha karani cheti changu nikamuuliza kama kuna masomo yoyote ya mwaka wa kwanza nitakayosamehewa.

Aliangalia cheti, akaangalia barua ya ulinganisho, akanirudishia.

"Hii imekufungulia mlango," alisema. "Ukishaingia, kila mtu anaanza mwaka wa kwanza."

Hakuwa mkali. Alikuwa anasema kanuni. Wiki ya tatu nikaketi kwenye ukumbi wa watu mia na zaidi, mhadhiri akaanza kueleza sababu za Mapinduzi ya Ufaransa. Rafiki yangu wa B+ alikuwa ametangulia mwaka mmoja, mwaka wa pili sasa. Miaka yake mitupu na miaka yangu iliyojaa zilikuwa na uzito mmoja mbele ya kanuni ile: sifuri.

Kilichoniuma zaidi si kanuni yenyewe bali kwamba haikuwa na msimamo. Katika vyuo vingi vya huku, mtu mwenye C kavu kama yangu akienda kusoma diploma miaka miwili, akirudi kufanya digrii ya fani hiyo anaweza kuingizwa mwaka wa pili. Kwa hiyo wazo la kuhesabu kazi iliyokwisha kufanywa lilikuwepo. Ila A-level ilikuwa imezikwa mwaka wa 1989, na maiti haihesabiwi.

Mwaka wa 2003 nikapata barua pepe kwenye saiba ya mjini kutoka kwa kijana wa Malaba tuliyekuwa naye Senior Six, meza moja. Alikuwa Marekani, amepata ufadhili. Chuo chake kilikuwa kimechukua cheti chake, kilekile cha muhuri uleule, kikahesabu masomo yake matatu kuwa karibu mwaka mzima wa chuo. Nilidhani anajigamba. Baadaye nikajifunza kwamba kwao si jambo la pekee. Tangu katikati ya miaka ya 1950 wana mpango unaoitwa Advanced Placement: mwanafunzi wa sekondari anasoma somo kwa kiwango cha chuo, anafanya mtihani wa nje mwezi wa Mei, anapata alama kati ya 1 na 5, na chuo kinaamua kama 3 au 4 au 5 inatosha kumpunguzia kozi. A-level vyuo vyao vingi huipima kwa mizani hiyohiyo. Wamarekani, ambao hawajawahi kuwa na Kidato cha Sita, walikuwa wanakihesabu. Sisi tuliokuwa nacho karibu miaka 30 hatukukihesabu.

Nikapiga hesabu yangu upya. Mjomba: 7, 4, 2, 3. Kumi na sita. Binamu: 8, 4, 4. Kumi na sita. Mimi: 8, 4, 2, 4. Kumi na minane. Nilikuwa nimebeba nyongeza za mifumo yote miwili mgongoni, darasa la nane la kwetu na Kidato cha Sita cha kwao, na mwaka wa nne juu yake.

Mwaka ule wa nne ulianza Septemba 2005. Dada yangu mdogo alifanya mtihani wa darasa la nane Novemba ileile akapata nafasi katika shule nzuri ya wasichana. Wakati huo karo ya sekondari ililipwa yote na mzazi. Serikali ilianza kugharamia masomo ya sekondari za kutwa mwaka wa 2008. Baba alikuwa ameuza ng'ombe wa mwisho kwa ajili ya muhula wangu. Januari 2006 wenzake dada walienda na masanduku, yeye akarudi darasa la nane, sare ileile iliyokuwa imefupika. Aliingia Kidato cha Kwanza mwaka uliofuata, shule ya karibu. Hakuna aliyemwambia kwa nini. Alijua.

Tangu hapo makaratasi yamekuwa mengi. Mwaka wa 2014 Kenya ilipitisha sheria ya mfumo wa kitaifa wa sifa za masomo. Mei 2017 marais wa Jumuiya walitangaza Afrika Mashariki kuwa eneo moja la elimu ya juu, maana yake kwamba sifa za nchi moja zitambuliwe nyingine na mwanafunzi aweze kuhama na masomo yake. Mwaka wa 2018 geti la Busia likafanywa kituo kimoja cha pamoja, kwa hiyo lori linakaguliwa mara moja tu badala ya mara mbili. Upande ule kuna Chuo Kikuu cha Busitema, tangu 2007. Upande huu Alupe imepata hati yake ya chuo kikuu kamili 2022. Kati yao ni safari fupi ya gari. Mahindi yanavuka, saruji inavuka, mayai yanavuka kwa mabishano. Namwonea wivu dereva wa lori.

Na mwaka wenyewe unahamishwa tena. Januari 2026 ndipo Gredi ya 10 ya kwanza inaingia sekondari ya juu, katika mfumo wa 2-6-3-3-3: mwanafunzi anachagua mkondo, sayansi na teknolojia au sayansi za jamii au sanaa na michezo, anasoma masomo machache kwa kina zaidi, halafu chuo miaka mitatu. Msomaji aliyenifuata hadi hapa ameshaona. Miaka mitatu ya juu, mkondo, masomo machache, digrii fupi. Hatujaiita A-level, na nadhani hakuna atakayeiita hivyo.

Binti yangu ni mmoja wao. Desemba tulikuwa Nambale, na alikuwa na ile orodha ya masomo mapajani, akipiga hesabu kwa kalamu pembeni mwa karatasi. Ukiondoa miaka miwili ya chekechea, alisema, sita na tatu na tatu na tatu ni 15. Akaandika yangu chini yake, nikimtajia, akajumlisha mara mbili.

"Baba, wewe ulisoma miaka 18?"

"Kumi na minane."

Dada yangu, ambaye siku hizi ni wakala wa forodha pale mpakani na hakosi kuona tarakimu isiyo sawa, alikuwa ameketi kwenye kigoda akimenya ndizi. Hakuinua kichwa.

"Mmoja ni wangu," alisema, akachukua ndizi nyingine.